Kiti ya Kushoto

Ile Landrover ilifika Hewa Bora, kwetu Lubumbashi, ikivutwa na kamba, na bantu ya avenue yote balitoka kuicheka. Kutu ilikuwa imeikula toka chini mpaka juu. Mulango moya ilifungwa na waya. Kuku ya Kamalondo, kule ilitoka, ilikuwa imelala ndani yake miaka na miaka, manyoya na mavi ilijaa fasi yote, ku volan, ku madirisha, hata kule moteri inakaa.

"Lucien, ndugu yangu," Ruben akasema, "ulinunua motokari, ao ulinunua nyumba ya kuku?"

Ruben alikuwa jirani, fundi wa kusude byuma, kuunganisha chuma na moto, muntu wa maneno mingi na wa roho muzuri.

"Cheka tu," Lucien akamujibu. "Siku mvua itaharibu njia ya Kasenga, utaniomba nikupandishe, weye na kuku yako yote."

Kapinga, muke wa Lucien, hakucheka. Alizunguka ile motokari polepole, mikono ku kiuno, sawa vile mama anazunguka muzigo ya samaki mbele ya kununua. Akasimama ku mulango ya kushoto. Kiti ya upande ule ilikuwa safi. Hakuna unyoya, hakuna mavi, hakuna vumbi. Kitambaa yake ya bulu ilinyooka sawa kitanda yenye inangojea mugeni. Kapinga akapitisha kidole juu yake, akaangalia kidole. Haikuchafuka.

"Papa Cathy," akamuita bwana yake na jina ya binti yao, mwenye aliolewa Likasi, "kuku gani iko na akili ya kuacha kiti moya?"

"Ilikuwa kuku ya heshima," Lucien akasema, na bantu bakacheka tena.

Njo vile ile maneno ilianza, na kicheko.

Lucien alikuwa dereva wa makamiyo makubwa ku mine, kule banachimba shaba. Siku moya baliwaambia yeye na benzake barudishe kofia ya kazi, na kazi ikaisha. Muntu mwenye alizoea kuamka mbele ya jogoo, ukimuona anafagia parsele, kiwanja ya nyumba, mara mbili kwa siku moya, unajua mu roho yake hamuko muzuri. Kapinga aliona ile. Aliona namna bwana yake anakunja na kukunjua ile nguo ya kazi yenye haina kazi. Njo juu ya ile alikubali kutoa mashini yake ya kushona, ile ya mama yake, babadilishe na ile Landrover, apate kubebaka bantu ku njia ya Kasenga. Mwenye motokari alikuwa mama muzee mushonaji wa Kamalondo, wa jamaa ya Maniema, jina yake Alima. Motokari ilikuwa ya kaka yake Kasimu, mufanya biashara ya samaki, mwenye alikufa.

Siku ya kuichukua, Alima alimuambia Lucien neno moya tu.

"Uitengeneze vile unapenda, mwanangu. Tosha moteri, ondoa matairi. Ile kiti ya kushoto uiache fasi yake. Kasimu hakukubalia muntu kukaa pale. Hata mimi, dada yake wa tumbo moya, nilikuwa napanda nyuma na magunia."

"Juu ya nini, mama?"

Alima akakata uzi na meno, hakuinua macho. "Ni vile alipenda."

Lucien akafikiri ni uchungu ya kufiwa. Bantu banafiwa, banashika kikombe, banashika kofia, banasema muntu asiiguse. Akasema ndiyo mama, na mu njia akasahau.

Kazi ikaanza mu mwezi ya baridi, wakati upepo ya asubuhi inakata masikio na mvua iko mbali. Lucien alisugua kutu na burosi ya chuma mpaka vumbi nyekundu ilijaa parsele, nguo yenye Kapinga alianika ikarudi na rangi ya matofali. Bakatosha ile moteri ya zamani, bakaweka moteri ya mazutu, ya dizeli, yenye Ruben alipata ku fundi mwenzake. Bakainua shasi na ressort, spring ya nguvu, ipite mu matope. Bakakata tole, ile bati nene ya madramu, bakaisude chini fasi kutu ilitoboa. Kila umeme ikirudi, cheche ilikuwa inaruka nyuma ya ukuta, na majirani banasema, Lucien eko anafufua mufu wake.

Kubakia volan. Ile motokari ilitoka Zambia, volan yake ilikuwa upande ya kuume. Ku barabara yetu, dereva mwenye anakaa kuume haoni kamiyo yenye inakuya mbele yake. Lucien alishaona benzake namna ile bakikufa. Akasema volan inahama kushoto, hakuna kubishana.

"Na kiti?" Kapinga akamuuliza. "Ile mama alisema nini juu ya kiti?"

"Mama Cathy, dereva atakaa hewani?"

Boulons, ile bolti yenye inashika kiti, ilikuwa ine. Alizimwangia mazutu, akangoja, akageuza, hazikutoka. Akachukua mashini ya kukata. Ilipokata ya mwisho, kiti ikatoa pumzi ndefu, sawa vile muntu anapumua ukimuamusha mu usingizi. Lucien akafikiri ni sponji. Akaivuta nje, akaitupa chini, na maji ikatoka ndani yake. Maji mingi. Ilikuwa na harufu ya samaki na ya nyasi ya ziwa, ikapita mu vumbi mpaka ku mulango ya jikoni, pale ikasimama.

"Iko na maji namna gani?" Kapinga akasema. "Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

Lucien akaangalia ile njia ya maji. Alikuwa anajipangusa mikono ku suruali, anajipangusa, anajipangusa.

Miguu ya kiti na sponji akazitupa nyuma ya choo. Tole ya mugongo ya kiti, yeye peke yake alijua ilienda wapi, juu siku ile Ruben alikuwa Kasumbalesa kutafuta ressort, na Kapinga alikuwa ku soko. Jioni Kapinga alirudi, akakuta mbabula mupya, jiko ya makala, mbele ya jikoni. Muzuri sana. Ya tole nguvu, ilikunjwa muviringo, rangi nyeusi inje, na ndani Lucien alikandika udongo nene juu ya kushika moto.

"Ni ya nani?"

"Ni ya mwenye alitoa mashini yake," Lucien akasema.

Kapinga alikuwa anasemaka kisha, akikumbuka ile jioni, kwamba toka arusi yao bwana yake hakukuwa bado kumutengenezea kitu na mikono yake. Hakuuliza tole ilitoka wapi. Parsele yote ilikuwa tole.

Siku Landrover iliwaka, avenue ilikuya tena, na hii mara habakukuya kucheka. Bakaleta viti, bakaleta bilauri. Munajua desturi yetu: motokari mupya haitoke bila kunyweshwa, na ni mama wa nyumba anaanza. Ruben akamupa Kapinga chupa ya bia.

"Mama Cathy, munyweshe mutoto wako. Usimunyime, atakuja kukulilia ku Kasenga."

Kapinga akamwanga bia ku uso ya motokari. Povu haikushuka. Ilikauka palepale, na chuma ilikuwa baridi, moteri ilikuwa bado haijawashwa. Harufu ya bia ikapotea na harufu ingine ikapanda, ya marashi, ya udi, ile yenye banachomaka kwa Baislamu wakati ya arusi. Na karibu kabisa na sikio yake, Kapinga akasikia muntu anafyonya. Kufyonya ya mwanamuke. Ile ndefu, yenye inakuambia haujue kazi, toka hapo.

Akageuka. Nyuma yake hakukuwa muntu.

"Ni nini?" Ruben akamuuliza polepole.

"Hakuna," akasema. Bantu balikuwa banaimba.

Lucien akapanda ku volan, upande ya kushoto, juu ya kiti mupya yenye alitengeneza. Akatembeza motokari mpaka ku kona na kurudi. Alipowaita bantu bapande, alikuwa anacheka, lakini akamunong'oneza muke yake: "Hii kiti iko na baridi. Sawa umekalia maji."

Toka siku ile, nyumba ilibadilika kidogo kidogo, sawa vile maziwa inaharibika, hauoni saa yenye inaharibika. Ilikuwa kwanza harufu. Kila jioni, Kapinga akiwasha moto, udi ilikuwa inanuka karibu na jikoni, na sababu motokari ilikuwa imesimama pale karibu, alisema inatoka ku motokari. Kisha ikakuya mulango. Asubuhi, wakati bantu banaanza kufagia, mulango ya Landrover ilikuwa inafunguliwa na kufungwa, taratibu, sawa muntu mwenye hapendi kuamusha mutoto. Kapinga akitoka, anaikuta imefungwa, na chini kuna alama ya miguu ya maji, miguu ya mwanamuke, midogo, yenye inaanza ku motokari na kuishia ku mulango ya jikoni, na hakuna yenye inarudi.

Akamuonyesha Lucien. Lucien akaziangalia, akazipangusa na kiatu.

"Ni maji ya radiatere."

"Radiatere iko na vidole?"

Lucien akaingia mu nyumba. Hakukuwa anajibu tena mingi. Saa sita ya muchana, jua kali, alikuwa anaenda kukaa ndani ya Landrover na madirisha yote ya kufungwa. Kapinga alikuwa anamuona kutoka jikoni, na mwanzo hakujua ni nini inamuogopesha mu ile kukaa yake, mpaka siku moya akaelewa: Lucien hakukuwa anaegemea. Alikuwa anakaa ku ncha ya kiti, mugongo wima, na nyuma yake kubakia nafasi, nafasi yenye inatosha muntu mwembamba. Alikuwa anasema polepole na kucheka polepole, na mara kwa mara anageuza shingo kidogo, sawa muntu mwenye ananong'onezwa ku kisogo.

Akaanza kukonda. Maji yenye ananawia ikawa nyekundu. Kucha yake ikageuka rangi ya musumari ya zamani, na mutoo yake ya kulalia, Kapinga aliifua na sabuni, na majivu, na ndimu, ile alama haikutoka, alama ya kutu, na umbo ya kichwa ya muntu, na pembeni yake, kidogo kidogo, alama ya kichwa ingine.

"Papa Cathy, twende hospitali."

"Niko muzuri."

"Damu yako iko inatoka fasi gani? Unanuka chuma."

Akamuangalia, na macho yake ilikuwa ya upole, upole ya kumuangalia mugeni. "Asante, dada," akamuambia. "Usijisumbue."

Dada. Muntu mwenye alilala naye toka ujana wake. Na hakusema na Kiswahili yetu ya Lubumbashi, alisema na ile ya Maniema, ya bantu ya musikiti, yeye mwenye mama yake alizaliwa Kananga na hakujua hata salamu yao.

Kapinga akaita pasteur wa kanisa yake. Alikuya na benzake, bakaomba, baliweka mikono ku motokari, bakaimba mpaka koo ikakauka, na Landrover ikakaa kimya sawa Landrover yoyote. Pasteur akasema hakuna kitu, ni shomaje, kukosa kazi, inabebaka akili ya banaume. Akiaga, akatazama nyuma ya bega ya Kapinga, akasema: "Na umushukuru ule dada mwenye alikuwa na weye ku jikoni. Hakutoka hata kusalimia, eko na haya. Alikuwa anaota moto tu, nguo yake yote inatoka maji."

Kapinga hakumujibu kwamba mu hii nyumba hakuna dada.

Siku ile ile akaenda Kamalondo.

Alima alikuwa anashona na ile mashini, mashini ya mama ya Kapinga. Akamuona mu mulango, akaondoa muguu. Mashini ikanyamaza.

"Aligusa kiti," Alima akasema.

"Aliitosha. Na volan aliihamisha kushoto."

"Ya Allah." Akafunga macho. "Njo anakaa kule? Yeye mwenyewe, kila siku?"

"Anakaa ku ncha. Mugongo haiguse nyuma."

"Mwanangu, juu hakalie kiti. Anakalia magoti ya mwenye kiti."

Kapinga akatafuta fasi ya kukaa, akakaa chini, juu ya vipande ya vitambaa.

Alima akamuelezea. Kasimu alikuwa anatoka Kasenga na samaki, giza ikiingia, akaona mwanamuke anatembea peke yake kando ya njia, nguo ya kulowana, hana muzigo, hana viatu. Akasimama. Akamufungulia mulango ya kushoto. Akamuuliza jina, akasema Rehema. Akamuuliza anashukia wapi, hakujibu. Balifika Lubumbashi, Kasimu akazunguka kumufungulia, na kiti ilikuwa maji tu. Kesho yake akisukuma volan, akasikia tena pumzi yake. Ule mwanamuke alipanda, hakushuka tena. Bibi ya Kasimu alirudi kwao Kindu, na hakuna mwenye alimulaumu. Kasimu akabaki na ule wa kiti. Kila ijumaa udi. Kila safari marashi ku uso ya motokari.

"Marashi," Kapinga akasema. "Mi nilimumwangia bia."

Alima akajifunika mudomo na kiganja.

"Kasimu alikufa namna gani, mama?"

"Ndani. Ku volan. Mukono yake ya kushoto ilikuwa imenyooshwa, vidole imekunjwa, sawa anashika mukono ya muntu. Alikuwa mwepesi. Tulimuosha, maji ikatoka nyekundu mpaka mwisho. Ule wa kiti hakulaka nyama, mwanangu. Anakulaka sawa vile kutu inakula."

"Na haukutuambia."

"Nilimuambia bwana yako asiguse."

"Haukumuambia juu ya nini."

"Ningesema juu ya nini, mungechukua motokari?" Alima akapangusa macho na ncha ya kitenge. "Ilikuwa mu parsele yangu, mama. Kila asubuhi ule mulango. Nilikuwa nachoka."

Kapinga alikuwa na haki ya kumutukana, na hakumutukana. Akasema: "Bwana yangu ataisha. Nifanye nini?"

Alima akafunika mashini na kitambaa, akavaa viatu, akamupeleka kwa mwalimu Shafi.

Mwalimu Shafi alikuwa muntu mufupi wa kikoozi, mwenye kurani yake ilifungwa mu plastiki isipate vumbi. Hakuuliza Kapinga ni wa dini gani. Akauliza ni chuma gani ilihama, na ilihama wapi.

"Ule hapigwi, mama," akasema. "Ukimupiga, atakimbilia mwenye eko karibu. Tutamurudishia fasi yake, tumuombe adabu, na motokari irudi kwenye ilitoka, muntu asiipande. Lakini kiti iwe ile ile. Kila chuma. Jini wa chuma hahame nusu. Kipande moya ikibaki kwenu, anabaki nayo yote."

Kapinga alirudi na woga kwamba Lucien atakataa. Lucien hakukataa. Ile njo ingepaswa kumuogopesha kupita yote. Alisikia neno "kiti", akasimama, akaenda nyuma ya choo, akaokota miguu, akaokota sponji, akaanza kupiga nyundo na kuimba, nyimbo yenye Kapinga hakujua. Ruben akakuya na mashini yake ya kusude, hakufanya masihara. Bakarudisha volan ku kuume. Bakasude kiti ku kushoto, boulons ine mupya, na Ruben alikuwa anafanya ile kazi na uso pembeni, sababu, alimuambia Kapinga kisha, kila akiinama alikuwa anasikia pumzi ya baridi ku shingo.

Mwalimu Shafi na Alima bakafika jua ikiwa ingali juu. Mwalimu akazunguka motokari na chetezo ya udi, akasoma. Akamwanga marashi ku uso ya motokari, fasi ile ile bia ilikauka. Alima akapitisha mukono ku mugongo ya kiti, akakuta ubao fasi ya chuma.

"Na tole ya hapa?" akauliza. "Iko wapi? Kasimu aliitoboaka na musumari, alama ya mwezi muchanga, matundu kidogo kidogo. Alisema ni ya kumupendeza."

Bantu bote bakamuangalia Lucien.

"Kutu iliikula," Lucien akasema.

"Yote?" mwalimu akauliza.

"Yote. Niliigusa, ikawa unga."

Alisema ile na sauti ya chini, ya upole, na akatabasamu, na mwalimu Shafi akamuangalia murefu sana, mpaka udi ikaanza kuisha mu chetezo. "Weye njo unanijibu?" akauliza.

"Ni mimi, mwalimu. Lucien."

Mwalimu akageukia Kapinga. "Mama, kuko kipande yoyote mu nyumba?"

Na Kapinga, mwenye alitafuta siku nzima nyuma ya choo, chini ya kitanda, mu gunia ya misumari, mwenye aligeuza kila tole ya parsele akaibeba ku miguu ya mwalimu, akasema na roho safi: "Hakuna, mwalimu."

Nyuma yake, ku jikoni, sombe, majani ya mihogo, ilikuwa inatokota juu ya mbabula.

Mwalimu akasoma ya mwisho. Upepo ikasimama. Mulango ya kushoto ikafunguliwa yenyewe, taratibu, ikakaa wazi kadiri ya muntu kupanda, ikafungwa. Kiti ikabonyea. Bote baliona. Ruben akaanza kulia bila sauti, muntu muzima na mikono yake minene. Bakafunga kamba, motokari yenye Ruben aliazima ikavuta, na Landrover ikatoka ku Hewa Bora vile iliingia, ikivutwa, na hakukuwa muntu mwenye alicheka. Alima alitembea pembeni yake na miguu mpaka ku barabara, hakukubali kupanda.

Lucien akaanguka mu mikono ya muke yake. Akalala mpaka kesho yake mangaribi. Alipoamka akasema: "Mama Cathy, niko na njaa," na Kapinga akaingia mu chumba, akafunga mulango, akalia na mutoo ku mudomo.

Ikakuya siku ya raha. Maji ya kunawa ikawa nyeupe. Lucien akaanza kumusaidia Ruben kazi, analeta mukate jioni, anachokozana na majirani. Motokari haiko, mashini ya kushona haiko, na Kapinga hakujali. Alikuwa anamuangalia akikula, akiegemea ku kiti yake mugongo muzima, na anasema ndani ya roho, Mungu asante, hii tu, hii inatosha.

Kisha baridi ikarudi, ile ya mwisho mbele ya mvua kuanza, yenye inakuyaka na hasira. Jioni moya umeme ilikatika mbele ya chakula. Kapinga akajaza mbabula makala, akaipepea inje mpaka ikawa nyekundu, akaiingiza mu salon ya nyumba bapate joto. Moto ilikuwa nguvu. Udongo ya ndani, yenye ilikuwa imepasuka toka siku mingi, ikatoa sauti, tak, na kipande moya ikaanguka mu majivu. Kipande ingine ikafuata. Kapinga akasema ndani ya roho, kesho atamuomba akandike ingine.

Pale akasikia udi.

Hakukuwa motokari ku parsele. Hakukuwa kitu ku parsele, ni mufagio na kamba ya nguo. Harufu ilikuwa inatoka hapa, mbele ya magoti yake, na ilikuwa inatoka hapa kila jioni, toka siku ya kwanza, wakati yeye alikuwa anasingizia motokari, wakati anapika, wakati anaonja muchuzi na kumupa bwana yake sahani, na miguu ya maji ilikuwa inaishia ku mulango ya jikoni juu haikukuwa inapita, ilikuwa inafika, na akainua macho polepole, hakupenda kuyainua, akaona ku ukuta ya salon, fasi mwangaza ya moto ilikuwa inapita mu matundu ya tole, alama kidogo kidogo, nyekundu, moya pembeni ya ingine, zinajikunja toka juu mpaka chini.

Mwezi muchanga.

Akachukua kitambaa ya kushikia sufuria. Alikuwa ataibeba inje, ataitupa mu mutaro, ataivunja na jiwe, mikono iungue. Akainama.

"Acha, dada."

Lucien alikuwa ametoka mu chumba. Akavuta kiti yake mpaka karibu na mbabula, akaipangusa na kiganja, vizuri, sawa muntu anapangusia mwenzake. Akakaa. Akanyoosha mikono ku moto, na kucha yake, mu ule mwangaza, hakuna namna ya kujua ilikuwa ya rangi gani.

"Acha iwake," akasema na ile sauti ya upole. "Alitembea mingi. Eko na baridi."

Kapinga akasimama na kitambaa mu mukono. Bwana yake alikuwa amekaa ku ncha ya kiti, mugongo wima. Nyuma yake, kitambaa ya kiti ilikuwa inalowana, polepole, kutoka katikati kuenda pembeni, na maji ikaanza kutonya chini.